Kichupa cha Kitanda cha Tatu

Major hakuanza kusalimu kwa mdomo. Ukikutana naye, hata sokoni, hata mlangoni mwa kanisa, mkono wake wa kulia ulikuja moja kwa moja usoni pako: kidole gumba kinaingia chini ya sikio, kinateremka polepole juu ya taya mpaka kidevuni, halafu upande wa pili. Akishamaliza ndipo anauliza habari za nyumbani. Wageni waliruka. Sisi wa Kamina tulikuwa tumezoea, na kulikuwa na akina mama wa sokoni waliomtegea shavu kwa utani: "Major, uniangalie na minyi," yaani na mimi. Naye aliwaangalia kweli, macho yamefumbwa, kisha anasema, "Weye hauna kitu. Endelea kuuza mihogo yako."

Hakuwa mwanajeshi. Naliweka wazi mapema kwa sababu mji wetu una kambi kubwa ya jeshi, na mtu wa mbali akisikia "Major" ataona bunduki na buti. Huku kwetu muuguzi anayesimamia wodi huitwa Major, na huyu alikuwa Major wa wodi ya watoto, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi ya makaa hata katika miaka ile ambayo makaa yenyewe yalikuwa taabu. Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Watoto wake wako hai, na nitakayosema mwishoni si ya kumbandikia mtu jina.

Mimi nilikuwa mgonjwa wake. Nilikuwa na miaka kumi, binti wa karani wa reli. Wazazi wangu walitoka Kasai. Mimi nilizaliwa hapo hapo Kamina, nyuma ya karakana ya treni, na sikujua kwamba kuna tofauti. Taya langu la kulia lilianza kuvimba kama la mtu mwenye jino bovu. Mama akanikanda kwa chumvi ya moto. Wiki ya tatu jicho lilikuwa limefumba, meno mawili yanacheza, na baba akanibeba mgongoni mpaka hospitali. Major akapitisha kidole gumba, akakirudisha tena mara ya pili.

"Hii si jino," alisema. "Iyi njo kansa ya matezi. Inapendaka mataya ya batoto. Mama, usilie bado. Iko na dawa."

"Usilie bado." Ndivyo alivyokuwa akifariji watu, Mungu amsamehe.

Wodini hakutuita majina. Mimi nilikuwa Kitanda Ine, yaani cha nne, na jirani yangu, msichana wa rika langu aliyeletwa kutoka Kabongo juu ya lori la mahindi, alikuwa Kitanda Tatu. Siku moja mama yake, mwanamke mpole sana, alishindwa kuvumilia. "Major, mutoto wangu iko na jina. Si mubuzi wa soko!" Major akamjibu bila kuinua kichwa: "Jina iko ya weye, mama. Namba iko ya minyi. Namba haitaniliza." Nikadhani ana roho ya jiwe. Lakini mtu huyu alikumbuka kila namba aliyowahi kuwa nayo. Aliweza kukuambia kwamba Kitanda Moja wa mwaka wa mvua nyingi alikuwa hali bukari, ugali wetu, bila sombe ya majani ya mihogo, na kwamba Kitanda Sita aliogopa vyura. Mtu asiyetaka kulia hakumbuki vyura.

Uvimbe wa Kitanda Tatu ulikuwa kushoto, wangu kulia. Kila mmoja alilalia upande mzima, kwa hiyo mchana kutwa tuliangaliana, pua kwa pua, njia nyembamba tu katikati. Tukawa marafiki kwa sababu hatukuwa na pengine pa kutazama. Yeye ndiye alikuwa mtundu. Mimi nilikuwa mchekaji.

Yeye ndiye aliyemuuliza Major swali ambalo watu wazima walikuwa wanaliogopa. "Major, iyi dawa inajuaaje kwenye ugonjwa iko?"

Mwingine angesema kaa kimya, mtoto. Major alitoka nje, akaanua suruali ya mtu kwenye kamba ya kufulia, akachukua sindano na uzi, akashona miguu miwili ya suruali pamoja kwenye magoti. Mishono miwili mitatu tu. Kisha akaivaa juu ya suruali yake, mbele ya wodi nzima, akakaa kitandani kwangu.

"Naikala. Niko na shida?"

"Hapana, Major!"

"Nasimama. Niko na shida?"

"Hapana!"

"Sasa nakimbia."

Jamani, alianguka! Mtu mzima mwenye mvi, mzee wa kanisa, alianguka kifudifudi juu ya sementi, miwani ikaenda mpaka chini ya kitanda cha kwanza. Kitanda Tatu alicheka mpaka jino moja lililokuwa linacheza likadondoka. Na Major, akiwa bado chini, ndipo akatufundisha. Kila chembe ya mwili, alisema, ina kamba mbili zilizosokotana ndani yake, na katika kamba hizo ndimo mlimoandikwa namna itakavyoishi. Chembe ikitaka kuzaa nyingine, lazima kwanza izitenganishe kamba zile, moja huku, moja kule. Dawa hii inazishona pamoja.

"Chembe yenye kuikala haijue kitu," alisema. "Chembe yenye kukimbia njo inaanguka na kufa. Na kansa yenu, batoto, inakimbiaka kupita treni. Leo iko moja, kesho iko mbili. Njo maana inaanguka ya kwanza."

Hakutuficha ubaya wake. Mizizi ya nywele nayo hukimbia, alisema, na ngozi ya ndani ya mdomo, na zaidi ya yote chembe nyeupe za damu, askari wanaotulinda na magonjwa. Wote hao wataanguka. Ila wao wanajua kuinuka haraka kuliko kansa. Kwa hiyo unachoma sindano, unangoja siku kumi na nne mpaka askari wasimame, halafu unachoma tena kabla adui hajasimama. Mara tatu kwa uchache. Ukiwahi, unaua askari. Ukichelewa, umempa adui nafasi ya kupumua.

Kuanzia hapo siku ya kumi na nne ikawa dini yake ya pili. Alikuwa na msemo wa kuwaambia akina mama, anausema hata kwa wasiomuuliza: "Yenye imenyamaza haiyakufa," kilichonyamaza hakijafa. Kwa sababu dawa ile ina maajabu yanayodanganya. Sindano ya kwanza tu, ndani ya siku chache, taya linateremka, jicho linafumbuka, mtoto anaomba chakula. Nilijiona mwenyewe kwenye kioo cha mama nikalia kwa furaha. Mama wa Kitanda Tatu alipiga magoti katikati ya wodi na kumlilia Mungu kwa Kiluba, "Vidye! Vidye!" Major alikuwa amesimama dirishani, amekunja uso kama mtu anayeona moshi kwa jirani. Alijua kwamba kilichoyeyuka ni kile kilichokuwa kinakimbia. Vilivyokaa kimya siku ile havikuguswa, na vilikuwa bado vimo.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wake na watu wake mwenyewe. Ni lazima nieleze. Kwa Wamethodisti wa kwetu, Mungu akikuponya unasimama kanisani na kutoa ushuhuda. Huendi hivi hivi. Unarudi kijijini kwenu, wajomba wanakusanyika, mbuzi anachinjwa, kwaya inaimba, na unasimama mbele ukiwa umevaa kipya. Familia ikiona taya limeteremka, inafunga mizigo: kwenda Kaniama, kwenda Kabongo, kutoa ushuhuda kabla Mungu hajaona wamenyamaza. Huko ibada inasogezwa kwa sababu mchungaji amesafiri, lori halipatikani, siku ya kumi na nne inapita. Wanarudi mwezi wa pili, na taya limerudi pamoja nao, safari hii pande zote mbili. Major, aliyekuwa mzee wa kanisa na sauti ya besi katika kwaya, alisimama Jumapili moja akasema ni marufuku mtoto wake yeyote kutolewa ushuhuda kabla ya sindano ya tatu. Mchungaji alikasirika. Watu walisema Major anaona wivu juu ya Mungu.

Na miaka ya baadaye alikuwa na kisa chake cha kuwatishia akina mama, kisa kilichokuja kujulikana mji mzima. "Munajua mutoto wa Kabongo?" alikuwa akianza. "Ule wa Kitanda Tatu. Alipona, bakamubeba ku ushuhuda, akachelewa sindano ya tatu. Aliuliwa na mbuzi na kwaya." Akina mama walishika vinywa. Baada ya kisa hicho hakuna aliyeondoka. Sijui ni watoto wangapi kisa kile kiliwaokoa, nami simnyimi sifa hiyo.

Mengine ya tabia yake. Dawa ilikuja kama unga mweupe ndani ya kichupa, na ni unga mbishi, hauyeyuki haraka ukitiwa maji ya sindano. Major alikizungusha kichupa kati ya viganja vyake, taratibu, huku akiimba tenzi kwa sauti ya chini, mpaka hakuna hata punje. Akitoka hapo anatunywesha maji. Maji, maji, maji! Dawa hii ikiingia mwilini imelala, ndivyo alivyosema, ini ndilo linaloiamsha, na mabaki yake yakikaa kwenye kibofu yanakichoma mpaka mtoto anakojoa damu. Kila mtoto alikuwa na kopo lake la kukojolea, nalo Major aliliinua dirishani na kulitazama kama mke anayetazama chai aliyopikiwa na wifi. "Kitanda Ine, unaniibia. Kunywa tena."

Vichupa alivihifadhi ghalani ndani ya mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga wenye maji, kwa sababu umeme haukuwa wa kuaminika. Kila kichupa alikifunga kikaratasi chenye namba ya kitanda. Chako ni chako. Alipoandika namba hakuna daktari wala mchungaji aliyeweza kuibadilisha.

Na majivuno! Alikuwa na nywele nzuri, za kijivu, zenye njia iliyochongwa upande wa kushoto, na kitana cha pembe mfukoni mwa koti. Alijichana mbele yetu sisi wenye vipara, tena akituita "maaskofu wangu." Kitanda Tatu hakuvumilia. Siku moja Major alipoinama kumchoma sindano mtoto mwingine, kitana kilitoka mfukoni mwake kikaingia chini ya godoro la Kitanda Tatu. Major alikitafuta siku tatu. Tuliuma mashuka kwa kucheka. Nadhani alijua, maana siku Kitanda Tatu alipokuwa anaondoka baada ya sindano ya pili, tuliyochomwa siku moja, kwenda Kabongo, alimshika taya akamwambia, "Siku ya kumi na ine, nataka weye na vitu vyangu vyote." Mama yake aliapa kwa Mungu kwamba watafika. Watatoa ushuhuda mfupi, alisema, tena mbuzi mmoja tu.

Kuna jambo moja aliloniambia mimi peke yangu, labda kwa sababu nilikuwa sichezi tena baada ya mwenzangu kuondoka. Aliniambia dawa hii ni mtoto wa vita. Zamani, Wazungu walipopigana wao kwa wao, walitengeneza gesi ya kuchoma ngozi na mapafu. Waganga walipopasua maiti za watu walioivuta, walikuta matezi yamesinyaa na chembe nyeupe za damu zimekwisha. Mtu mmoja akafikiri: kama sumu hii inamaliza matezi ya mtu mzima, je, haiwezi kumaliza matezi yenye kansa? Wakaipunguza ukali, wakaibadili badili, ikawa dawa. "Lakini haiyasahau kwenye ilitoka," Major alisema. "Inauaka tu. Haina rafiki. Minyi njo namuambia imuue nani." Nilikuwa mdogo, nikaona ni mtu mwenye nguvu sana. Maneno hayo sasa yananisumbua.

Kisha vita vyetu vikaja, visivyo na gesi. Wakubwa wakaanza kusema redioni na mikutanoni kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Walituita wadudu. Watu waliokuja kutoa vitu vyetu nje, baadhi yao nilikuwa nimekaa nao benchi moja kanisani. Mama alikuwa amesimama barabarani, sufuria kichwani, pale Major alipopita kwa baiskeli, koti jeupe, pasi imenyooka. Aliangalia gurudumu la mbele. "Alituona sawa vile muntu anaona mvua," mama alisema, na jambo hilo hakulisamehe mpaka leo.

Baba akanitoa wodini, tukahamia gare, stesheni ya treni, pamoja na familia nyingine nyingi, juu ya majani makavu kando ya reli, tukingoja treni ya kutupeleka "kwetu" nisikowahi kukuona. Kesho yake Major akaja. Alikuwa amefunga mabido mawili, yaani madumu, ya maji kwenye baiskeli. Hakuomba radhi, hakutaja nyumba. Aliniuliza mkojo una rangi gani. Akawa anakuja kila siku mbili. Maji yale yalikuwa yangu, na alisimama hapo mpaka nimemaliza kikombe cha mwisho, watu wengine wenye kiu wakitutazama. Niliona haya. Nilikunywa.

Katika siku hizo hizo za fujo watu waliingia ghala la hospitali. Walichukua magodoro na mablanketi, na mtungi wa Major ukapigwa teke. Vilikuwa vimebaki vichupa viwili, cha Kitanda Tatu na cha Kitanda Ine, sindano zetu za mwisho. Kimoja kilikanyagwa. Major alituambia mwenyewe kwamba alikuta karatasi yenye namba nne imelowa katikati ya vigae. Baba alikaa chini. Mama aliuliza kama dawa nyingine itakuja, na Major akasema inatumwa kwa ndege, paketi iko njiani, wiki ijayo labda.

Siku ya kumi na nne ndiyo siku treni ilipoungwa. Mabehewa ya mizigo, milango wazi, watu wanarushiana watoto. Mchana ulikuwa mkali. Major alitokea katikati ya watu akisukuma baiskeli, jasho linamtoka, akaniangalia kope, ulimi, viganja. Kisha akamwambia mama, na nakumbuka kila neno:

"Mama, usikie muzuri. Nikimuchoma leo, askari ya damu yake itaanguka kuanzia siku ya saba, na mutakuwa mungali mu njia na bantu ya kukohoa, na surua. Anaweza kufa mu treni. Nisipomuchoma, ile kitu itarudia kule Kasai, na kule hakuna Major."

"Muchome," mama alisema.

Akatoa kichupa. Akaanza kukizungusha kati ya viganja. Safari hii hakuimba. Karatasi ilikuwa imefungwa kwa uzi, na mimi nilijua kusoma. "Major," nilisema, "ile ni ya Tatu."

"Nyamaza. Kunywa mayi."

Mama alimtazama. Mwanamke huyu aliyenyang'anywa nyumba, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, aliuliza: "Na ule wa Kabongo, Major? Leo si njo siku yake?"

"Hakuya."

"Tungoje kidogo. Labda iko mu njia."

"Treni haingojake, mama," alisema, naye akanichoma.

Sitasimulia safari. Mama alinifunika kwa vitenge viwili katika kona ya behewa, akawa mlinzi, na aliyekohoa karibu nami alipigwa kwa kijiko cha mbao. Watu walidhani ana wazimu. Kinywa changu kilikuwa kidonda kitupu, lakini nilifika. Taya halikurudi tena kamwe.

Dada mkubwa wa mama, aliyeolewa na mtu wa Kamina na kubaki, ndiye aliyetutumia habari. Kitanda Tatu alikufa kabla ya mavuno ya mahindi. Uvimbe ulirudi pande zote mbili na dawa haikupatikana. Alichelewa kwa sababu ya ushuhuda, barua ilisema. Na Major amenyoa kichwa chote, hajulikani anamlilia nani. Nilikilia kifo kile, lakini ukweli ni kwamba nilishukuru kwamba hakufika. Mtoto anaweza kushukuru jambo kama hilo. Nilipoingia shule ya wauguzi nami nikawa nasimulia kisa, kilichotufikia kwa barua za baadaye, cha mtoto wa Kabongo aliyeuawa na mbuzi na kwaya, kwa sauti ya Major kabisa, na wenzangu walikipenda.

Nilimwona tena wakati wa vita vya pili. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kamina ilikuwa imejaa askari wa lugha nyingi, na treni ilipita ilipotaka. Mama alikuja kumwona dada yake, nami nikaenda nyumbani kwa Major nikiwa nimevaa sare yangu mpya ya mwanafunzi. Alikuwa barazani anamenya karanga. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Mke wake akamwambia, "Papa, kuko mugeni."

"Usiseme jina," Major alisema. "Leta uso."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani tangu ndani ya treni. Lakini mkono ule ulipokuja, sijui nini kilinishika. Niligeuza kichwa ili kidole gumba kiangukie taya la kushoto, la mwenzangu. Akabonyeza chini ya sikio. Akateremka. Akarudi tena juu.

"Hakuna kitu," alisema. "Imeyeyuka yote. Kitanda Tatu?"

"Ndiyo, Major."

"Ulipona?"

"Nilipona."

Karanga zilimwagika. Nilifurahi kwamba nimedanganya, wallahi nilifurahi. Lakini mkono ulikuwa na mazoea ya maisha yote: ukapita kidevuni, ukapanda upande wa kulia, kidole kikainua mdomo wangu na kukuta pengo la meno mawili. Kikakaa hapo.

"Macho njo imekufa," alisema. "Mikono haiyakufa. Kitanda Ine, juu ya nini unanidanganya na bongo?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia nilitaka aone kwamba mwenzangu naye alifika, hata kwa dakika moja.

"Alifika," Major alisema. "Nilimuona."

Mke wake aliondoka barazani, polepole, kama mtu aliyekwisha kuisikia habari hiyo.

"Mu barabara ya gare, pale pa pompe ya mayi. Minyi nashuka na baiskeli, kichupa mu mufuko, treni inapiga filimbi. Babo banapanda, mama na mutoto, mavumbi mpaka ku nyusi. Lori ilikuwa imebatupa mbali, bakatembea. Mama ananipungia mukono. Mutoto ananyanyua kitana yangu, juu, nione kama ameirudisha. Siku ya kumi na ine, Kitanda Ine. Siku yenyewe."

"Na weye?"

"Nilipiga kengele ya baiskeli, nikapita."

Aliendelea mwenyewe.

"Kama ningesimama, mama angeniuliza kichupa yake iko wapi. Ningemukatalia namna gani, machoni? Nilijiambia weye unaenda na treni, yeye anabakia na minyi, na paketi itakuya. Paketi haikukuya. Nikarudi, nikabakuta babili baikala ku banc ya hospitali. Nikamuambia mama, 'Umechelewa. Ulienda ku ushuhuda, na dawa imeenda.' Akapiga magoti, akaniomba musamaha. Minyi! Akaniomba minyi musamaha. Na mutoto akaniwekea kitana mu mukono."

Alijipapasa kipara. Nilimchukia. Kweli nilimchukia, kwa muda wa kumenya karanga chache, halafu nikakumbuka kwamba mdomo ninaotaka kumtukania ni yeye aliyeuponya, kwa kichupa ambacho hakikuwa changu. Dawa ile ilitoka mwilini mwangu kwa mkojo siku chache baadaye. Ilichokifanya hakijatoka.

"Mama yake iko hai," alisema. "Banasema hasimamake tena mu kanisa. Anajua njo yeye alimuua mutoto na mbuzi yake. Na minyi nilisimulia vile miaka yote, juu ilikuwa inasaidia bengine. Umeshatoa ushuhuda yako, weye?"

"Bado, Major. Ulikataza."

"Sasa utoe. Na useme yote."

Barabara ya Kabongo ilikuwa imefungwa na vita. Ilipofunguka nilikwenda. Nikaambiwa yule mama alishahamia upande wa ziwa, labda Sanga, na Sanga hakuna aliyemjua. Kwa hiyo ushuhuda wangu nautoa hapa, bila kwaya, na mama, kama kuna mtu yeyote wa kukusomea, akusomee sehemu hii. Hukuchelewa. Ulikuja siku yake, kwa miguu, na mzee yule alikuona. Kitanda Tatu aliitwa Ngoie, na kitana alikirudisha.